Wanane Waliosema Hakuna Kitu

Titi la kwanza nililofundishwa kupima lilikuwa la raba. Lilikuwa na rangi ya waridi ambayo hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kuwa nayo, na lilikuwa limetoka ng'ambo ndani ya sanduku la plastiki, pamoja na kopo la poda ya kulipaka ili lisinate vidoleni. Ndani yake kulikuwa na vinundu vitano. Mkufunzi wetu alijua vilipo. Sisi hatukujua, na asubuhi ya kwanza, kati yetu wanane, hakuna aliyepata zaidi ya viwili.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika ukumbi wa kanisa mjini Machakos. Nilikuwa nesi wa kituo kidogo cha afya upande wa Mitaboni, na huo ulikuwa mwaka wangu wa tisa kazini. Katika miaka hiyo nilikuwa nimezalisha wanawake, nimechanja watoto na kusafisha vidonda vya kila aina, lakini sikuwa nimewahi kupima titi la mwanamke kwa kusudi la kutafuta ugonjwa. Kansa ya titi tuliijua ikiwa imeshafika mwisho, mwanamke akiletwa amefungwa kitambaa kifuani na harufu inamtangulia mlangoni. Hapo tulikuwa tunamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Yeye na sisi tulijua barua ile haingebadilisha kitu.

Kwa hiyo nilipoambiwa nimechaguliwa kwenda mafunzo ya wiki mbili, nilienda kwa moyo wote. Naomba jambo hilo lijulikane kabla sijasimulia mengine. Sikwenda kutafuta cheti.

Mkufunzi alikuwa daktari kutoka Nairobi, mwanamke mrefu wa makamo, mwenye sauti ya chini na subira nyingi. Alikuja na matiti mawili tu ya raba, na kwa watu wanane hayakutosha, kwa hiyo akatufundisha kujitengenezea mengine. Tulichukua soksi ndefu za kike, tukazijaza pamba na vipande vya sponji, na katikati tukaficha ndengu, kunde, shanga, hata kokoto ndogo kutoka uani. Kila mmoja alishona lake kisha akampa mwenzake atafute. Tulikuwa tukifumba macho. Vidole vitatu vya katikati, miduara midogo, kwanza juu juu, halafu kwa nguvu kiasi, halafu mpaka ndani. Kutoka kwenye mtulinga kushuka, kisha kupanda tena, kama mtu anayepalilia mstari kwa mstari bila kuruka hata mmea mmoja. Mwisho kwapani.

"Hapa unaweza kukosea na hakuna anayeumia," alikuwa anatuambia. "Kosa lako liache hapa. Usiende nalo kwenu."

Nilimwamini. Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu na titi la soksi mkobani na kulipima nikiwa nimeketi kitandani, mpaka vidole vikafa ganzi. Kufikia wiki ya pili nilikuwa napata ndengu popote itakapofichwa. Mwenzetu mmoja, afisa wa kliniki kutoka upande wa Muthetheni, mwanamume mcheshi mwenye mikono mikubwa, alinitania kwamba mimi sasa ningeweza kupima gunia zima la pamba.

Siku ya mwisho ilikuwa ya mtihani, na mkufunzi akasema sehemu kubwa ya mtihani huo itafanywa kwa mtu aliye hai. Hakutaka tumalize mafunzo tukijua raba na soksi tu. Alitaka kuona kama tunajua kumsalimu mwanamke, kumweleza tunachotaka kufanya, kuomba ruhusa yake na kumsitiri. Alikwenda jikoni, nyuma ya ukumbi, ambako akina mama wanne wa kanisa walikuwa wakitupikia, akawauliza kama kuna mmoja anayeweza kujitolea kuigiza mgonjwa. Watatu walicheka na kujifunika nyuso kwa leso. Wa nne alipangusa mikono kwenye aproni na kusema, "Mimi nitafanya."

Tulikuwa tunamjua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipakua chakula. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mwenye mwanya na kicheko kikubwa, na alipenda kumwongezea mtu muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, hata baada ya mtu kusema ameshiba. Alikuwa ametoka shambani kwake huko chini ya Mitaboni, si mbali sana na kituo changu, ingawa sikuwa nimewahi kumwona kliniki. Tulimpigia makofi kwa ujasiri wake.

Asubuhi ya mtihani kila mmoja wetu alipewa kadi ileile. Iliandikwa kwamba mgonjwa ni mama wa miaka arobaini na miwili, hana malalamiko yoyote, amekuja kupimwa tu kwa sababu ameyasikia matangazo kanisani. Chini yake iliandikwa: matokeo ni ya kawaida, mwambie mama hujaona kitu cha kutia wasiwasi, na umkaribishe tena mwakani. Mkufunzi aliketi karibu na dirisha la chumba cha kamati akiwa na fomu. Mama alikuwa ameketi kwenye meza ndefu iliyotandikwa shuka, amevaa blauzi nyeupe safi iliyopigwa pasi, tofauti kabisa na nguo zake za jikoni. Tuliingia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa sita.

Nilimsalimu. Nikaosha mikono kwenye karai, nikaikausha na kuisugua ili ipate joto. Nikamwambia ninachotaka kufanya na kumwomba ruhusa. Alinijibu kwa upole, "Sawa, sista, endelea." Nikamwangalia akiwa ameshusha mikono, halafu akiwa ameiinua. Nikamlaza, nikamfunika upande mmoja kwa leso, nikaanza upande wa kulia. Nilifanya polepole, mstari kwa mstari. Kisha nikahamia kushoto.

Ilikuwa juu, upande wa nje, kuelekea kwapani. Kitu kidogo, kigumu. Nilipokisukuma hakikutelezea pembeni kama vile tezi zinavyofanya. Kilibaki palepale.

Mkono wangu ulisimama. Sijui ulisimama kwa muda gani, labda kiasi cha pumzi mbili. Nilimwangalia mkufunzi. Alikuwa ameinamia fomu yake, akiandika. Nilijaribu kufikiri. Watu watano walikuwa wameingia kabla yangu na wakatoka wakitabasamu. Kadi ilisema kawaida. Mtu aliyeiandika kadi ile alikuwa daktari, na mimi nilikuwa nesi niliyefanya mazoezi ya wiki mbili kwa soksi. Nikajiambia vidole vyangu vimezoea kutafuta kitu, ndiyo maana vinapata kitu.

"Endelea, una dakika mbili," mkufunzi akasema bila kuinua macho.

Nikamalizia kwapa. Nikamsaidia mama kuketi, nikamfunika, nikasema sentensi niliyokuwa nimeikariri: "Mama, leo sijaona kitu chochote cha kukutia wasiwasi. Tunakukaribisha tena mwaka ujao."

Alinitazama usoni kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akasema, "Asante sana, sista."

Nilipata alama za juu kuliko wote. Baadaye niliisoma ile fomu ya kusahihishia mara nyingi, kwa sababu nilibaki na nakala. Iliuliza kama nilisalimu, kama niliosha mikono, kama nilisitiri upande nisioupima, kama nilifuata mistari. Hakukuwa na mahali palipouliza nimegusa nini.

Mchana huo tulipanga foleni ya chakula, na yeye alikuwa pale pale nyuma ya sufuria, amerudia aproni yake. Aliponiona alicheka akasema, "Daktari wangu huyo," akaniwekea nyama ya ziada. Nilisimama na sahani yangu. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nyuma yangu watu walikuwa wakisukumana, na mmoja wa akina mama wenzake alikuwa amesimama ubavuni mwake. Nikasema asante, nikaenda kuketi.

Kabla hatujaagana nilimvuta kando yule afisa wa kliniki wa Muthetheni, ambaye alikuwa ameingia wa tatu.

"Wewe upande wa kushoto uliona kitu?" nikamuuliza.

Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili hakufanya mzaha. "Niliona," akasema. "Lakini kadi ilisema kawaida. Nikafikiri ni mtego, wanataka kuona kama tutafuata kadi."

"Na kama si mtego?"

Alitazama vidole vyake. "Basi si mkufunzi angejua?"

Tulikubaliana kwamba lazima mkufunzi anajua. Tuliagana hivyo.

Nilingoja wiki tano. Nimejaribu kwa miaka mingi kuzieleza wiki hizo na sijapata maelezo yanayoniridhisha. Nilijiambia labda ilikuwa ni zile siku zake za mwezi, ambapo matiti hubadilika. Nilijiambia labda daktari alimpima kwanza na ameshamwambia. Nilijiambia kwamba nikienda na ikawa hakuna kitu, nitakuwa nimemtia mtu hofu ya kifo bure, na habari itaenea kote Mitaboni kwamba nesi wa kituo hajui kazi. Hili la mwisho, nikisema kweli, ndilo lililonishika zaidi.

Wakati huo nilikuwa tayari nimeanza kupima wanawake. Kila aliyeleta mtoto kuchanjwa nilimwomba niangalie, na wengi wao walikubali, wengine kwa kucheka, wengine wakitazama ukuta. Matiti ya watu hayakuwa kama ya raba wala ya soksi. Kulikuwa na yaliyojaa vijipande vijipande kama uji uliopikwa vibaya, na yaliyokuwa laini kote, na ya wanyonyeshaji yaliyokuwa mazito, yenye joto. Kila wiki vidole vyangu vilijifunza zaidi kawaida ni nini. Na jinsi vilivyozidi kujifunza, ndivyo nilivyozidi kukosa pa kujificha. Katika wanawake wote hao sikugusa kitu kilichofanana na kile nilichogusa kwenye meza ya kanisa. Asubuhi moja nilikuwa nikiosha mikono baada ya kumpima mama wa mapacha, nikajikuta nimesimama tu, maji yananitiririkia, na ninajua kwa hakika kabisa. Nikafunga chumba cha kliniki kabla ya saa sita, nikamuaga mlinzi, nikashuka kwa miguu.

Nilimkuta uani kwake, ameketi kwenye kigoda, anachagua maharagwe juu ya gunia. Nyumba ilikuwa ya matofali, na nyuma yake matuta ya shamba yalishuka mpaka bondeni, mibuni yake ikiwa imeachwa bila kupogolewa kama ya watu wengi miaka ile. Alifurahi kuniona. Alipiga kelele kwa Kikamba, na binti yake, msichana wa sekondari aliyekuwa nyumbani kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, akatoka na kiti na kunisalimu kwa kuinama kidogo. Mama akamtuma kisimani. Nafikiri alikuwa ameshaona usoni kwangu kwamba sikuja kutembea tu.

"Mwaitu," nikamwambia, kwa sababu ndivyo tunavyomwita mama tunayemheshimu, "ile siku ya mtihani, nilipokupima, niligusa kitu."

Hakuinua uso. Aliendelea kuchagua, akitupa maharagwe mabovu pembeni.

"Upande gani?"

"Kushoto. Juu, karibu na kwapa."

"Basi ni hapo hapo," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kama alikuwa akijua.

"Nilijua tangu wakati wa kupanda," akasema. "Nilikuwa naoga. Nikaenda mpaka dispensari moja huko juu, nikakuta kijana mdogo kama mtoto wangu. Nikashindwa. Nikamwambia niko na maumivu ya kichwa, akanipa dawa ya kichwa." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Halafu yule daktari wenu akakuja jikoni akasema anatafuta mtu wa kupimwa. Mimi nikajua Mungu amefungua mlango. Nitapimwa na watu wanane, wote wamesoma, na hakuna mtu wa hapa atauliza nilienda kupimwa nini. Nilipiga blauzi pasi."

Nilitaka kusema kitu. Aliinua mkono kidogo ili kunizuia.

"Wa kwanza akasema hakuna kitu. Wa pili hivyo hivyo. Mimi nalala nangoja. Wewe ulipofika, mkono wako ukasimama. Nikasema moyoni, huyu sasa amefika. Nikangoja useme. Ukasema kama wenzako."

"Mama, yale maneno yalikuwa yameandikwa kwenye kadi," nikasema. "Tuliambiwa tuyaseme. Ilikuwa ni kuigiza."

"Najua. Hata mimi niliambiwa niigize." Sasa alikuwa ananitazama. "Lakini mikono si ilikuwa mikono? Ama mlikuwa mnaigiza pia na mikono? Mimi sikuwa naigiza, sista. Nilikuwa nimelala pale na titi langu."

Kuku walikuwa wamekaribia gunia na hakuna aliyewafukuza.

"Unajua nilifanya nini hiyo jioni?" akasema. "Nilipika chapati. Katikati ya wiki. Huyu msichana akaniuliza tunasherehekea nini. Nikamwambia nimefurahi tu."

Hapo nililia. Sijivunii, kwa sababu ilimlazimu yeye ainuke anishike bega, na haikuwa zamu yangu ya kushikwa bega. Msichana aliporudi na maji alitukuta hivyo, akasimama na ndoo kichwani, akitazama mmoja kisha mwingine. Mama yake akamwambia aende ndani.

Siku hiyo hakukubali kwenda nami. Alisema anataka kwanza mume wake aje. Mume huyo alikuwa akifanya kazi kiwandani huko Athi River na alikuwa akirudi mwisho wa wiki. Jumatatu iliyofuata walinikuta wote wawili kwenye mlango wa kituo kabla sijafungua. Mume wake hakunisalimu. Aliuliza tu, "Tunaenda hospitali gani?"

Nilienda nao. Yaliyofuata yalikuwa ni mabenchi. Benchi la hospitali ya mjini, ambako daktari alimgusa mara moja tu na uso wake ukabadilika. Benchi la maabara, ambako walimtoa kipande kwa sindano nene. Halafu wiki za kungoja majibu kutoka Nairobi, na yalipokuja yalikuja kwa karatasi moja fupi. Halafu benchi la hospitali kubwa huko Nairobi, ambako walimkata titi lote la kushoto na kusafisha kwapa.

Nilikuwa pale siku ya pili baada ya upasuaji. Nilimfuata daktari wa upasuaji kwenye korido, nikamweleza kila kitu, bila kuficha. Nikamuuliza kama wiki tano zile zilifanya tofauti.

Alifikiri kwa muda. Namshukuru kwa hilo, kwa sababu angeweza kunipa jibu la haraka. "Wiki tano," akasema. "Siwezi kukuambia ndiyo na siwezi kukuambia hapana. Kwapani tulikuta imeshafika. Ilifika lini, hakuna anayejua." Alianza kuondoka, kisha akageuka. "Lakini usiwahi kungoja tena."

Nilimwandikia mkufunzi. Baada ya muda alinipigia simu kwenye ofisi ya wilaya, nikaitwa nikapokee. Kitu cha kwanza alichoniuliza kilikuwa, "Kwa nini hukusema pale pale?" Kisha sauti yake ikawa nyingine. "Na mimi kwa nini sikumpima kwanza?" akasema. "Nilimlaza mtu mezani nikasema ni mzima, na sikuwa nimemgusa hata kwa kidole."

Mwaka uliofuata alirudi Machakos kufundisha kundi lingine na akaniomba nimsaidie. Nilitaka kukataa. Nilikubali kwa masharti mawili, naye alikuwa ameshayaandika kabla sijayatamka. Yeyote anayejitolea kuigiza mgonjwa apimwe kwanza kweli, faraghani, na aambiwe kweli kilichopatikana. Na kwenye fomu kuwe na mahali pa mwanafunzi kusema alichogusa, iwe kinalingana na kadi au hakilingani.

Hatukujua kwamba yule mama amesikia tuko mjini. Alitokea siku ya tatu, amevaa sweta pana kwa ajili ya baridi ya mwezi wa saba, akaomba kuingia darasani. Alikuwa amekonda, na nywele zilikuwa zimeanza kumrudia baada ya dawa kali za kansa. Mkufunzi alimwomba msamaha mbele ya wanafunzi wote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, lakini hakusema kwamba amesamehe. Halafu akasema atakuwa mgonjwa wa siku hiyo, kama wanafunzi hawataogopa kovu.

Alilala juu ya meza. Waliingia mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Wengi waliigusa ile sehemu ya kovu kana kwamba ni chuma cha moto. Kila mmoja alipomaliza, mama alimuuliza swali moja tu: "Umegusa nini? Niambie." Nesi mmoja mchanga alijibu kwa haraka kwamba hakuna kitu, yuko sawa kabisa.

"Rudia," mama akamwambia. "Hujanigusa kwapani. Usiniambie kile hujagusa."

Yule nesi akarudia, safari hii mpaka kwapani. Nilitamani kutoka nje, lakini nilijua sina ruhusa ya kutoka.

Tangu hapo nilikuwa nikipita kwake mara kwa mara nikitoka kazini. Sitasema tulikuwa marafiki. Alikuwa akinipa chai, tunazungumza habari za mvua, za shule ya msichana, za maumivu ya mkono wa kushoto uliokuwa ukivimba tangu upasuaji. Kulikuwa na siku alizocheka nami na siku alizoninyamazia, na sikuwahi kujua mapema itakuwa ipi. Siku moja alinuna muda wote, na nilipoinuka kuaga akasema, "Leo nimeamka nikiwa na hasira na wewe. Si kila siku. Leo tu." Nikamwambia nimesikia. Nikarudi wiki iliyofuata.

Aliishi miaka minne. Kansa ilirudi kupitia mgongo. Mwanzoni alidhani ni maumivu ya kushika jembe, na hata mimi, Mungu anisamehe, kwa siku mbili nilitamani iwe ni jembe. Safari hii sikungoja siku ya tatu. Lakini hakukuwa na mengi ya kufanya, isipokuwa kumtafutia dawa za maumivu na kumfundisha binti yake jinsi ya kumgeuza kitandani bila kumuumiza.

Kwenye mazishi yake niliketi nyuma, na akina mama wa kanisa. Mzee wa kanisa alisimama kusoma wasifu wake, akafika mahali pa kushukuru watu wa afya waliomhudumia marehemu tangu mwanzo. Watu waligeuka kunitazama kwa wema. Niliinamisha kichwa mpaka wakageuka tena.

Baada ya miezi mitatu hivi, binti yake alikuja kituoni. Alikuwa amemaliza shule na alikuwa akingoja kujiunga na chuo cha ualimu. Aliketi mbele ya meza yangu, akazungushazungusha kifungo cha mkoba wake.

"Mama aliwaambia watu kwamba wewe ndiye uliona ugonjwa kwanza," akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Ningenyamaza, angeondoka akinishukuru.

"Mama yako ndiye aliyeuona kwanza," nikamwambia. "Mimi niliugusa nikamwambia haupo. Nilirudi kumwambia kweli baada ya wiki tano."

Nilimsimulia yote, na kadi, na mtihani, na alama nilizopata. Alinisikiliza akiangalia mikono yangu, iliyokuwa juu ya meza, na nilitaka kuiondoa lakini nikaiacha. Nje kulikuwa na watoto wakilia kwenye foleni ya chanjo.

"Ndiyo maana siku ile ulikuwa unalia," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

Nilipokuwa nikisubiri kuona kama ataondoka, aliinuka, akafunga mlango wa chumba kwa ndani na kuanza kufungua vifungo vya sweta yake.

"Nipime," akasema. "Na uniambie."

Niliosha mikono. Nilichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kuchukua kwa mtu yeyote, pande zote mbili, mstari kwa mstari, makwapa, juu ya mtulinga. Nilimwambia nimegusa nini: tezi laini zinazotembea, kama za wasichana wa umri wake, na hakuna kigumu. Akaniuliza kama nina uhakika. Nilimwambia nina uhakika wa vidole vyangu leo, na sina uhakika wa kesho, na kwamba kwa sababu ya mama yake itabidi arudi kila mwaka, popote atakapokuwa anafundisha, kwangu au kwa mtu mwingine. Nikamwonyesha kujipima mwenyewe, nikiushika mkono wake na kuuongoza, polepole, mpaka nilipoona hauhitaji tena kuongozwa.